MWENYE NYUMBA NA MWIZI



Katika Mathayo 24:43 Bwana anamtaja mwenye nyumba asiyejua saa ya mwizi. Basi kutia komeo, kuweka nondo madirishani na kuacha taa barazani si upungufu wa imani, ni busara. Lakini kufuli halipigi yowe. Jirani ndiye apigaye. Uendapo safari, mwachie habari jirani unayemwamini katika Jumuiya yako.

Je, mwizi akiisha kukamatwa? Hapo ndipo wengi wetu, tuliotoka kupiga ishara ya msalaba, huokota mawe. Torati yenyewe, Kutoka sura ya 22, yatofautisha: avunjaye nyumba gizani akipigwa hata kufa, aliyempiga hana hatia, lakini jua likiisha kuchomoza, damu yake ni hatia. Mwizi aliyeshikwa si hatari tena, ni mtu. Mkabidhini kwa polisi. Tukimwua, tumeokoa redio na kupoteza roho zetu.

Ndugu zangu, usiku huu fungeni milango yenu. Kesho bisheni hodi kwa jirani.

Amina.