Unywele Mmoja

Masomo: Zaburi 147:1-6, Mathayo 10:29-31

Popote ulipo asubuhi hii, ikiwa u jikoni unateleka chai, au u njiani kwenda kazini, au umelala kitandani kwa ugonjwa, nakukaribisha tuketi pamoja kwa dakika hizi chache.

Miaka michache iliyopita nilialikwa Marekani, kuutembelea ushirika mmoja katika mji wa New York. Juma lile la kuondoka kwangu nilimzika kijana mmoja wa kanisa letu, mtoto wa pekee wa mama mjane. Siku ya tatu baada ya maziko nilirudi kumtazama mama yule. Nilimkuta ameketi mkekani, kichwa chake kimenyolewa kama ilivyo desturi ya matanga kwao. Akaniuliza, "Mchungaji, huyu Mungu mwenye dunia yote hii, na watu wote hawa, ananijua mimi kweli?"

Nikamjibu upesi. Nikamwambia, "Mama, Mungu anajua yote." Nikasoma, nikaomba, nikatazama saa, nikaaga. Jibu langu lilikuwa sahihi, kama lile niliwahi kuliandika katika mtihani chuoni. Lakini halikumfikia. Mama alinishukuru kwa adabu, akanisindikiza mpaka mlangoni.

Huko New York wenyeji wangu walinipeleka kwenye jumba kubwa la makumbusho ya historia ya asili, lililoanzishwa mwaka wa 1869. Nilikuta watoto wa shule wengi, wamepangwa mistari na walimu wao. Tuliingia katika ukumbi wa wanyama wa Afrika, uliofunguliwa mwaka wa 1936. Katikati wamesimama ndovu 8, na kandokando mna madirisha makubwa 28 ya vioo. Nyuma ya kila kioo wamewekwa wanyama waliokaushwa, na nyuma yao imechorwa nchi yao walikotoka. Ndugu zangu, mbali na nyumbani namna ile, niliwaona nyati wa Mto Tana! Nikatabasamu kama mtu aliyekutana na jirani ugenini. Karibu nami mtoto mdogo alimpungia nyati mkono. Nyati hakutikisika. Macho yake ni ya kioo. Yanakutazama, lakini hayakuoni.

Kisha tukaingia katika nyumba ya nyota, ambayo wao huiita planetariamu. Ni chumba cha mviringo ndani ya tufe kubwa, chenye viti 429, na juu yake ni kuba kama bakuli lililofunikwa. Taa zilipozimwa, nyota zikatokea kila upande. Ikawa kana kwamba tumeng'olewa duniani tukachukuliwa mbali. Dunia ikawa kama tembe, kisha ikatoweka. Jua nalo likatoweka katikati ya nyota nyingine.

Wataalamu wanatufundisha kwamba mwanga wa jua hutumia dakika 8 hivi kutufikia. Mwanga wa Sirio, nyota ing'aayo kuliko zote usiku, hutumia zaidi ya miaka 8. Na jua letu ni moja tu katika kundi la nyota zisizopungua bilioni 100, na makundi kama hayo ni mengi mno.

Labda mtadhani mchungaji alitoka pale akiimba. La. Nitawaambia kweli: nilishikwa na hofu. Pale gizani swali la mama yule lilinijia, na sasa halikuwa lake tena, lilikuwa langu. Mwenye haya yote, ananijua mimi?

Tulipotoka tuliteremka kwa njia yenye kuzunguka, yenye urefu wa mita 110 hivi. Njia ile imewekwa kuonyesha umri wa ulimwengu, ambao wataalamu huukadiria kuwa zaidi ya miaka bilioni 13. Sikuja redioni asubuhi hii kubishana nao juu ya hesabu. Nataka tu mjue niliyoyaona mwisho wa njia. Historia yote ya wanadamu, tangu walipoanza kuchora picha mapangoni hata leo, wafalme wote, vita vyote, vilio vyote, imeonyeshwa kwa unene wa unywele mmoja wa mtu. Basi. Unywele mmoja.

Nilisimama pale mpaka wenyeji wangu wakanirudia. Maana nilikumbuka kwamba yuko Mwingine aliyezungumza habari za unywele. Bwana Yesu aliwaambia wanafunzi wake kwamba nywele za vichwa vyao zimehesabiwa zote. Jumba lile lilitumia unywele kunionyesha jinsi nilivyo kitu kidogo, na ni kweli. Yesu alitumia unywele ule ule kunionyesha jinsi ninavyojulikana. Na hiyo nayo ni kweli.

Usiku ule nilifungua Zaburi ya 147. Angalieni mpango wake. Mstari wa 4 unasema kwamba Mungu huzihesabu nyota na kuziita kwa majina. Lakini kabla ya huo, katika mstari wa 3, amekwisha kusema kwamba Mungu huwaponya waliovunjika mioyo na kuwafunga jeraha zao. Jeraha kwanza, kisha nyota. Mkono ni mmoja.

Tena tusimwekee Bwana maneno asiyoyasema. Hakusema kwamba shomoro haanguki. Alisema haanguki pasipo Baba. Kijana yule alianguka kweli, na kwa nini, mimi sijui hata leo.

Niliporudi nyumbani nilikwenda kwa mama yule kabla ya kufika ofisini. Saa yangu niliivua, nikaitia mfukoni. Nilimwomba radhi kwa haraka yangu ya siku ile. Kisha nikamsimulia habari za nyati, na za nyota, na za unywele. Alisikiliza kimya. Mwisho akafungua kitambaa chake, akapapasa kichwa. Nywele zilikuwa zimeanza kuota. Akasema, "Basi hata zile nilizonyolewa siku ile, hesabu yake anayo."

Akalia. Nami nikalia. Sikuwa na neno la kuongeza.

Ndugu msikilizaji, pengine wewe nawe umeuliza kama alivyouliza mama yule, na ukajibiwa upesi na mtu mwenye safari. Utusamehe. Usiku wa leo, kama hakuna mawingu, toka nje utazame juu. Huhitaji kiingilio. Ukiogopa ukubwa ule, pitisha mkono kichwani mwako, ukakumbuke neno la Bwana. Na kama kuna jirani yako aliye katika matanga, nenda ukaketi naye. Usiende na jibu mkononi. Nenda na nafasi ya kukaa.

Tuombe. Ee Mungu Baba yetu, wewe uzijuaye nyota zote, watazame leo walioketi mikekani na kulia. Funga jeraha zao. Utusamehe sisi tuliowapita kwa haraka, ukatufundishe kukaa nao. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.