Kimondo si cha Tarehe Moja

Msikilizaji, tangazo la wiki hii umelisikia: tarehe 30 Juni, Siku ya Vimondo Duniani, wote tukutane Ndolezi, kwenye kimondo cha Mbozi, mkoani Songwe. Hatuna ugomvi na sherehe. Kinachotukera ni hiyo tarehe moja.

Tarehe 30 Juni ni kumbukumbu ya mlipuko wa kitu kutoka angani huko Tunguska, Siberia, mwaka 1908. Umoja wa Mataifa uliiridhia mwaka 2016, mwaka uleule mkoa wetu wa Songwe ulipomegwa kutoka Mbeya. Haikupangwa na mtu aliyetazama mawingu ya Mbozi. Mwisho wa Juni huku baridi inaingia hadi kwenye mifupa, na kwa kalenda ya miaka hii shule zimefungwa. Mtoto wa darasa la sita, ambaye mwalimu ndiye angemfikisha pale, siku hiyo yuko kwa bibi yake, au anauza karanga kwenye foleni ya malori Tunduma. Tarehe moja, na hiyo moja shule zimefungwa!

Mgeni akituuliza aje lini, sisi tunamwambia Mei. Mvua iliyoanza Novemba inakuwa imeaga, tope limekauka, vumbi la Agosti halijaamka. Mlima Marengi bado una kijani, kahawa inaanza kuiva na wakulima wanakarabati vichanja. Asubuhi ya Mei weka kiganja juu ya kimondo: ubaridi wake ni wa sufuria iliyolala nje. Urefu kama mita 3, uzito unaokadiriwa kuwa tani 16, karibu chote ni chuma, na nikeli kidogo. Utaona pale walipokata kipande kwa msumeno. Nadhani msumeno nao ulitoka jasho. Shimo la kuangukia halijaonekana. Hata Wanyiha, wenyeji wa huku, waliokuwa mafundi wa kuyeyusha chuma tangu enzi za mababu, hatujasikia kwao kisa cha siku kilipoanguka. Walikikuta. Kitu cha namna hiyo kinataka utulivu, si spika za jukwaani.

Lakini turudi kwenye lile tunalolisema kila mwaka: Songwe imefanywa njia. Njia ya Zambia, njia ya Kongo, njia ya shaba. Abiria wanatoka Mbeya, wanasinzia wakifika Mlowo, wanazinduliwa na foleni ya malori Tunduma, wanagonga muhuri, hao Nakonde. Nani aliwaambia washuke? Tarehe 30 Juni tunapiga ngoma, tarehe 1 Julai tunakunja viti, na Songwe inarudi kuwa njia. Mwakani tena tarehe moja, tena viti, tena njia.

Basi sasa tusingoje jukwaa. Walimu wakuu, mvua ndiyo hiyo inaondoka: andikieni wazazi barua wiki hii, si Juni! Makondakta, mkikaribia Mlowo pazeni sauti kwamba kimondo kiko huku, kama mnavyoipaza kwa Tunduma! Nanyi wazazi wa Tunduma, mnaovuka Nakonde kila Jumamosi kutafuta bei nafuu, Jumamosi moja ya Mei geukeni upande wa Mbozi. Geukeni! Pandeni na watoto, bebeni viazi vya kuchemsha na chupa ya chai. Na sweta, maana hata Mei asubuhi ya Ndolezi haina mzaha.