Mgeni Naye Apone: Uzito wa Miili, Meza Zetu na Ndimi Zetu

Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya kamati za afya na diakonia za sharika



Katika semina zilizopita tulizoea kuzungumza habari za visima, ada za yatima, mbuzi wa maziwa na miche ya miti. Leo tumeombwa kuzungumza jambo ambalo wengine watacheka wakilisikia, nalo ni kupunguza uzito wa mwili. Chekeni kidogo, kisha tusikilizane, maana jambo hili limekwisha kuingia majumbani mwetu na limeanza kutupunguzia watenda kazi.

Kisa cha mwenzetu

Tuna mwinjilisti mmoja ambaye ametupa ruhusa tumsimulie bila kumtaja jina. Kwa miaka mingi alizunguka mitaa yake kwa miguu, akipanda na kushuka vilima. Baadaye, kupitia mradi wetu wenyewe, alipata pikipiki. Hatusemi kwamba pikipiki ilikuwa kosa. Ilimwezesha kufika kwa wagonjwa wengi zaidi. Lakini mwendo wa miguu uliisha, na chakula kilibaki kilekile. Katika kila nyumba aliyoitembelea aliwekewa chai ya sukari nyingi, maandazi, na soda ya heshima. Mwili ukaongezeka, na sisi sote tukamsifu. Tulimwambia, "Mwinjilisti umependeza, utumishi umekukubali."

Siku alipopimwa hospitali aliambiwa ana kisukari, tena apunguze uzito. Alitii. Aliacha soda, akapunguza ugali, akawa anaamka alfajiri kutembea. Baada ya miezi michache nguo zilianza kumpwaya. Hapo maneno yakaanza. Bombani mke wake aliulizwa kama mumewe ameshapima. Mzee mmoja wa kanisa alimwita pembeni amshauri "kuhusu ule ugonjwa". Mwinjilisti aliona aibu, si kwa ajili yake tu bali kwa ajili ya mke na watoto. Akarudia kula kama zamani, ili mwili urudi na midomo ifunge.

Mwili ulirudi. Midomo ilifunga. Miaka miwili baadaye alipata kidonda kidogo kwenye kidole cha mguu, wala hakukisikia kwa sababu kisukari kilikuwa kimekwisha kuharibu mishipa ya fahamu. Leo anahubiri akiwa ameketi, kwa kuwa mguu mmoja ulikatwa chini ya goti.

Ndugu wapendwa, hatuwezi kusema kwamba hatukuhusika. Tulimsifu alipokuwa anaumia na tulimnong'ona alipokuwa anapona.

Hali ilivyo nchini

Wako wafadhili wetu wanaouliza kwa nia njema: mnazungumzaje habari za unene katika nchi yenye watoto wenye utapiamlo? Ni swali la haki. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini Tanzania walikuwa wamedumaa. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi, kutoka asilimia 22 mwaka 2010. Mwaka 2022 udumavu ulishuka hadi asilimia 30, na bado ni mkubwa mno. Nao uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takribani robo ya watu wazima wa miaka 25 hadi 64 wana shinikizo la juu la damu.

Kwa hiyo mizigo ni miwili, na mara nyingi inakaa chini ya paa moja. Mtoto amedumaa kwa kulishwa uji mtupu, na bibi yake ana uzito uliozidi kwa kula wanga mtupu. Wote wawili wamekosa kitu kilekile, yaani mboga, matunda, maharage, dagaa, maziwa na mayai kwa kipimo kinachofaa. Bustani tunayoipanda kwa ajili ya mtoto itamfaa na bibi. Hatuombi fedha zihamishwe kutoka kwa mtoto.

Unene unavyoingia

Haba na haba hujaza kibaba, na ndivyo uzito unavyoongezeka. Soda moja ya chupa ya kawaida ina sukari ya vijiko vya chai vinane au zaidi. Mtu anayekunywa vikombe viwili vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu, amekula vijiko sita. Akiongeza soda moja amefika kumi na vinne. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu yote tunayoipata kwenye chakula. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo ni kama vijiko kumi na viwili kwa siku. Tena hapo hatujahesabu andazi.

Mafuta nayo yana nguvu zaidi ya mara mbili ya wanga kwa uzito uleule. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina nguvu inayokaribia ile ya soda nzima. Pilau ya sherehe, chapati na chipsi mayai hubeba vijiko vingi vya namna hiyo, wala jicho haliyaoni mafuta yakishaingia ndani ya chakula.

Upande wa pili ni mwendo. Wazee wetu walikula ugali mkubwa, lakini walilima kwa jembe na kutembea hadi sokoni. Sisi tunapanda bodaboda kutoka nyumbani hadi kanisani, tunakaa vikaoni kutwa, kisha tunakula ugali wa mkulima.

Tupime kwanza

Tusikisie kwa macho. Chukua uzito kwa kilo, ugawanye kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mfano: mtu wa kilo 84 mwenye urefu wa mita 1.65. Mita 1.65 mara 1.65 ni 2.72, kilo 84 gawanya kwa 2.72 ni karibu 31. Kati ya 18.5 na chini ya 25 ni hali nzuri. Kuanzia 25 uzito umezidi, na kuanzia 30 ni unene wa kupindukia. Kipimo hiki hakiwahusu mama wajawazito, wala watoto, ambao wana chati zao.

Pasipo mizani, tepu ya fundi cherehani inatosha. Kiuno cha mwanamume kikifika sentimita 94, au cha mwanamke sentimita 80, ni dalili ya kuanza kujihadhari. Tulipopimana ofisini, tepu ilisoma 106 kwa mmoja wetu. Huyo ndiye anayewahutubia leo.

Habari njema ni kwamba hatuhitaji kurudi miili ya ujana. Huko Marekani ulifanyika utafiti kwa watu 3,234 ambao sukari yao ilikuwa imepanda lakini haijafikia kisukari. Matokeo yalitolewa mwaka 2002. Kundi moja lilielekezwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Katika muda wa karibu miaka mitatu, hatari yao ya kupata kisukari ilipungua kwa asilimia 58, wakilinganishwa na waliopewa vidonge visivyo na dawa. Waliopewa dawa ya metformini walipungukiwa hatari kwa asilimia 31. Asilimia 7 ya kilo 90 ni kilo sita na kidogo tu.

Kula

Kwanza, sahani. Nusu yake iwe mboga na matunda: mchicha, mnafu, kisamvu, majani ya maboga, kabichi, papai, chungwa. Robo iwe maharage, kunde, choroko, samaki, dagaa, yai au nyama isiyo na mafuta mengi. Robo iliyobaki iwe ugali, wali, ndizi au viazi. Ugali wa dona ni bora kuliko wa sembe, kwa kuwa haujaondolewa pumba na kiini.

Pili, kinywaji. Maji yawe ya kwanza. Sukari iwekwe mezani, isichemshiwe ndani ya birika, ili kila mtu ajipimie. Chungwa lililiwe zima kuliko kukamuliwa juisi.

Tatu, mafuta yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka kwenye dumu. Chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja cha chai.

Nne, polepole ndio mwendo. Kupungua nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki kunatosha. Jihadharini na chai na vidonge vya kupunguza unene vinavyouzwa minadani. Wala mfungo wa Kwaresima tusiugeuze kuwa dawa ya kukondesha. Anayetumia dawa za kisukari amwone daktari kabla ya kufunga, kwa maana sukari inaweza kushuka ghafla.

Wengine hupenda kutukumbusha habari za Danieli na wenzake, waliokula mboga na kunywa maji kwa siku kumi. Kweli, lakini msisahau mwisho wake. Baada ya siku kumi walionekana wamenawiri na wamenenepa kuliko waliokula chakula cha mfalme! Shabaha yetu basi ni afya, wala si kukonda kwa ajili ya kukonda.

Kutembea

Kutembea kwa haraka dakika 30, siku tano kwa wiki, kunatimiza zile dakika 150. Mwendo uwe wa kuweza kuzungumza lakini si kuimba. Wanakwaya watajua tofauti. Nusu saa hiyo inatumia nguvu inayokaribia ile ya soda moja. Kwa hiyo asiwepo wa kusema, "Nimetembea, sasa naweza kunywa mbili." Uzito hupungua zaidi mezani, mazoezi husaidia usirudi, na huimarisha moyo hata kabla mizani haijasogea. Mwenye maumivu ya kifua au ugonjwa wa moyo apate kwanza ushauri wa daktari. Mwenye kisukari asitembee peku, na kila jioni akague nyayo zake.

Ndimi zetu

Haya yote mwinjilisti wetu aliyajua na aliyafanya. Hakushindwa na ugali. Alishindwa na sisi.

Tuliokuwepo miaka ya tisini tunajua hofu hiyo ilikotoka. Tuliwazika wengi waliokonda, na tukajifunza kusoma kifo katika mashavu ya mtu. Lakini leo mwenye virusi vya UKIMWI anayetumia dawa vizuri anaishi kwa afya na mwili wake, na hakuna awezaye kujua hali ya mtu kwa kumtazama. Na hata kama mwenzetu angekuwa na virusi, nani alituruhusu kumnong'ona? Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Basi mtu anapolitengeneza hekalu lake, jirani asisimame nje akilirushia mawe.

Tukimwona mtu anapungua, tumuulize yeye, kwa upendo. Kama amekusudia, tumtie moyo na tutembee naye. Kama anapungua bila kukusudia, tumsindikize hospitali, maana inaweza kuwa kifua kikuu, kisukari au ugonjwa mwingine unaotibika.

Tunachoomba

Kwa kamati za sharika tunaomba mambo manne. Vikao vyote viwe na maji, matunda na karanga au mahindi ya kuchemsha mahali pa kreti za soda na maandazi. Watumishi wanapotembelea nyumba, wenyeji wajulishwe mapema kwamba chai isiyo na sukari si dharau. Kila mtaa uwe na kundi la kutembea, hata kama ni watu watano baada ya ibada ya asubuhi. Na kila miezi mitatu watu wapimwe kiuno, uzito na presha, kwa siri, bila kutangaziana namba. Atakayekutwa na tatizo aandikiwe kwenda kituo cha afya.

Kwa wafadhili tunaomba vitu vidogo: mizani, tepu, vipima presha na mbegu za mboga. Na mkija kututembelea, msione tumepunguza ukarimu mtakapowekewa papai na maji. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tunataka kuanzia sasa mgeni naye apone.

Ofisi yetu imeanza. Soda imeondoka kwenye vikao vya wafanyakazi, na Jumatano tunatembea. Tepu ile ya 106 sasa inasoma 101. Si ushindi mkubwa, na majirani wameshaanza kuuliza. Tunawajibu kwamba tuko salama, na tunawakaribisha watembee nasi.

Mwinjilisti wetu alituagiza neno moja kabla hatujaja hapa. Hakutaka pole. Alisema kwamba katika mtaa wake yuko mama mmoja ambaye ameanza kupungua kwa ushauri wa daktari, na tayari watu wameanza kumtazama. Aliomba safari hii tuwahi.