Elimu ya Msingi kwa Wote: Nani Anafundisha Darasa la Kwanza?



Tanzania imefungua milango ya shule mara tatu. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka kila mtoto wa umri wa shule awe darasani ifikapo Novemba 1977, wakati mpango wa awali ulikuwa 1989. Ada ikafutwa tena mwanzoni mwa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM), 2001 na 2002. Kisha ikaja elimumsingi bila malipo, Januari 2016. Kila mara madarasa yalifurika. Anayesema mzazi wa kijijini hajali shule aeleze kwanza misongamano hiyo ya uandikishaji.

Hoja yangu ni kwamba mara zote tatu mwalimu alifikiriwa mwisho.

Baada ya Musoma, vyuo havikuweza kutoa walimu wa kutosha. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundishwa ualimu huko huko vijijini: sehemu ya siku wanafundisha, sehemu wanasoma, kwa msaada wa masomo ya posta na redio. Hadi leo jina “mwalimu wa UPE” (Elimu ya Msingi kwa Wote) hutajwa kwa dharau, nami siikubali dharau hiyo. Maelfu ya Watanzania walishika kalamu kwa mara ya kwanza mbele ya vijana hao. Kosa halikuwa lao. Walipewa mzigo, kisha ukaja Vita vya Kagera, bei ya mafuta ikapanda, uchumi ukaanguka, na fedha za kuwaendeleza zikakosekana. Katikati ya miaka ya 1980 wazazi wakaanza kuchangishwa tena. Uandikishaji uliokuwa umekaribia watoto wote ukashuka, na katika miaka ya 1990 ulikuwa kama robo tatu tu.

Safari hii tuna kazi kubwa zaidi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 44.9, ya 2022, milioni 61.7. Ruzuku ya elimu bila malipo, iliyoanza kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, hununua chaki na karatasi. Mwalimu haletwi na ruzuku hiyo. Na hata akipangwa shule ya pembezoni, akikuta hakuna nyumba wala chumba cha kupanga, ataripoti, kisha ataanza kutafuta uhamisho.

Lakini lipo jambo lililo mikononi mwetu wenyewe. Mwalimu mkuu hupimwa kwa matokeo ya darasa la saba, kwa hiyo walimu wake hodari huwapeleka juu. Darasa la kwanza, lenye watoto mia na zaidi wanaokaa chini, hupewa aliyebaki: mgeni, anayekaribia kustaafu, wakati mwingine anayejitolea. Tangu 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili umejengwa juu ya KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, na ni uamuzi mzuri, ila hakuna mtaala unaomfundisha mtoto kusoma bila mtu wa kumsikiliza akisoma. Mtoto asiyejua kusoma anafika darasa la tano, anakaa mbele ya kitabu asichokielewa siku nzima, mwishowe anakwenda kuchunga au kuuza karanga stendi. Utoro tunaouandika kwenye daftari la mahudhurio mwaka huo ulianza miaka minne nyuma.

Chakula cha mchana, umbali, watoto wenye ulemavu, na wasichana waliojifungua, ambao tangu Novemba 2021 wanaruhusiwa kurudi shuleni, watajadiliwa na watoa mada wengine.

Naomba kila mwalimu mkuu aandike sasa, kwenye karatasi moja, nani anafundisha darasa lake la kwanza, ana uzoefu wa miaka mingapi, na ana watoto wangapi. Chini yake aandike hayo hayo kuhusu darasa la saba. Vikundi vya mchana vianze na karatasi hizo, na maofisa elimu kata wazichukue mnapotoka.