Mpango wa Kuwakabili Wadudu wa Nyasi za Bustani
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika sherehe ya kutimiza miaka kumi)



Nimetakiwa niseme maneno machache juu ya wadudu waharibifu wa nyasi za bustani. Huenda mzee mmoja hapa akacheka moyoni, kwa kuwa ukoka ni adui aliyempalilia tangu utoto wake. Lakini leo, kutoka Bunju na Tegeta upande wa Kinondoni hadi Mbagala na Chamazi upande wa Temeke, nyasi ni bidhaa. Huoteshwa, hukatwa vipande, huuzwa kando ya barabara na kutandazwa mbele ya mahoteli, mashule na maofisi. Kisha vijana wetu huzitunza kwa mkataba wa mwezi. Mwenye uwanja hulipa kwa sababu ya ule ubichi anaouona. Siku ubichi ukigeuka kuwa rangi ya makuti, hana la kuuliza. Humtafuta mtunzaji mwingine.

Katika wadudu wote, wa kuogopwa zaidi ni viwavijeshi. Nondo zao husafiri usiku kwa upepo, na mvua za mwanzo huwakusanya mahali pamoja. Jike mmoja hutaga mayai kwa mamia, nayo huanguliwa baada ya siku chache tu. Hapo kiwavi ni mdogo, wa kijani, amejificha chini ya majani, wala hapana mpita njia atakayemwona. Huishi hali ya kiwavi kwa majuma mawili hadi matatu, na sehemu kubwa ya ulaji wake huifanya katika siku za mwisho, akiwa amekwisha kuwa mnene na mweusi. Kisha huingia ardhini ageuke nondo. Basi fikirini: mtunzaji anayengoja mpaka uwanja uliwe ndipo akimbilie dukani, huwapulizia dawa wageni waliokwisha kula na ambao walikuwa wakiondoka wenyewe.

Tangu mwaka 2017 tunaye pia yule mgeni wa kutoka Marekani, kiwavijeshi vamizi, ambaye alionekana barani Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016. Huyu hupenda mahindi kuliko kitu kingine, lakini nyasi za bustani hazikatai.

Jambo hili halina budi kuwa la Chama Kikuu kizima. Kiwavijeshi wa kwetu hula jamii ya nyasi, na mahindi, mpunga na mtama ni jamii hiyo hiyo. Akimaliza ukoka wa Juma huandamana kwa miguu kwenda kwenye mahindi ya Mwanaidi, na wote wawili ni wanachama. Mkulima wa mahindi humlaumu mwenye nyasi, mwenye nyasi husema wadudu wametoka shambani, na wakati wa kugombana nondo hawakungoja.

Wengine wamepata njia yao: hupulizia dawa kila mwisho wa mwezi, wadudu wawepo wasiwepo. Mimi siisifu. Ni kutupa fedha, na huua siafu na ndege wanaotusaidia bure. Tena, nyasi zinazokatwa viwanjani aghalabu hupewa ng'ombe wa maziwa waliofungwa mazizini humu humu mjini. Na udongo wetu, hasa upande wa Temeke, ni mchanga unaopitisha maji upesi kuelekea visimani. Siku za kungoja zilizoandikwa kwenye kibandiko cha dawa ndizo zinazolinda maziwa anayokunywa mtoto. Dawa isiyo na kibandiko, au iliyopimwa katika chupa ya soda, isipokelewe kabisa. Kazi ya kusajili dawa hizi, iliyokuwa ya taasisi ya Arusha iliyojulikana kama TPRI, tangu Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 imo mikononi mwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Afisa wao aulizwe kabla ya kununua.

Mpango unaofaa huanza kabla ya mvua. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wanavijiji wa Kilosa walifundishwa kutega nondo dume kwa harufu ya jike, kupima mvua, na kutangaza hatari wenyewe kijijini kwao. Wao walifanya hivyo kwa ajili ya mahindi. Nasi twaweza kwa ajili ya mahindi na nyasi pamoja. Mtego ukijaa na mvua ikinyesha, mpelelezi apite viwanjani asubuhi na ndoo ya maji ya sabuni. Amwage hatua moja ya mraba, angoje dakika kumi: viwavi waliojificha watapanda juu, naye atawahesabu. Wakiwa wengi na wangali wadogo, dawa ipulizwe jioni, hapo tu walipo. Wasipokuwepo, bomba lirudi ghalani.

Mchwa ni habari nyingine. Yatosha kutoacha majani makavu yakirundikana. Mabuu meupe ya mbawakawa, walao mizizi, huonekana kwa kuinua kipande cha nyasi kinachong'oka kama jamvi. Na samadi ichunguzwe kabla ya kumwagwa, kwa maana chonga, mharibifu wa minazi yetu, huzaa ndani yake.

Naomba Halmashauri itenge fedha za mitego na posho ya wapelelezi kwanza, fedha za dawa baadaye. Mitego na vipimo vya mvua viwe mahali pake kabla ya mwisho wa Septemba, vuli haijaanza, na kila chama cha msingi kilete kwa Bwana Katibu majina ya wapelelezi wawili, mmoja mkulima wa mahindi na mmoja mtunza nyasi.