Mshindani Si Adui

 Leo nitawaeleza habari za mchezo ambao wengi wetu hatujauona kwa macho, yaani mchezo wa kuteleza juu ya barafu.

Barafu ya mchezo huu hugandishwa kwa mitambo ndani ya jumba kubwa, ikawa ngumu kama sakafu. Mchezaji huvaa viatu vyenye chuma chembamba chini ya soli. Huteleza kwa kufuata muziki, huruka, huzunguka hewani mara tatu au hata nne, kisha hutua kwa mguu mmoja. Waamuzi humpa pointi. Akianguka, pointi hupunguzwa.

Sasa sikilizeni adabu yao. Kabla ya kushindana, wachezaji hadi sita huingia pamoja kupasha mwili moto kwa dakika sita. Mmoja anakwenda mbio, mwingine anarudi kinyumenyume. Wasipoangaliana watagongana, na chuma kile hukata. Tena, siku za mazoezi, yule ambaye muziki wake unapigwa hupishwa na wenzake. Hata anayetaka kumshinda humpisha.

Nitawapa mfano wa watu wawili: Yuzuru Hanyu wa Japani na Javier Fernández wa Hispania. Wote wawili walikwenda Toronto, nchini Kanada, wakafundishwa na mwalimu mmoja, Brian Orser, juu ya barafu moja. Mazoezini kila mmoja alimwona mpinzani wake akianguka na kuinuka.

Mwaka 2014, katika Michezo ya Olimpiki kule Sochi, Urusi, Hanyu alipata dhahabu. Fernández alikuwa wa nne. Alikosa medali kwa pointi zisizofika mbili. Mwaka 2015 na 2016 mambo yaligeuka. Fernández alikuwa bingwa wa dunia mara zote mbili, na Hanyu akawa wa pili. Mwaka 2016, kule Boston, Hanyu alitangulia kwa pointi 12 baada ya sehemu ya kwanza, lakini mwishoni akashindwa.

Je, alikasirika akamkimbia mwalimu? La. Wote wawili waliendelea kujifunza kwa Orser.

Ikafika Olimpiki ya mwaka 2018, Korea Kusini. Miezi michache kabla yake Hanyu alikuwa ameumia kifundo cha mguu. Hata hivyo alishinda kwa pointi 317.85. Shoma Uno, Mjapani mwenzake, alipata 306.90, na Fernández 305.24. Hivyo Fernández alipata shaba, medali ya kwanza ya Hispania katika mchezo huo kwenye Olimpiki. Wakakumbatiana. Fernández alimwambia mwenzake kwamba hiyo ilikuwa Olimpiki yake ya mwisho, na Hanyu, mwenye dhahabu, akalia.

Kwa nini mshindi alie? Kwa sababu alijua kwamba mshindani hodari ndiye aliyemfanya ajitahidi. Angejizoeza peke yake, nani angemwonyesha kwamba bado hajafika?

Wahenga walisema: Asiyekubali kushindwa si mshindani. Katika darasa lenu pengine yuko mmoja asomaye upesi, na mwingine bado anahangaika na silabi. Anayesoma upesi asimcheke mwenziwe, kwani mtu mzima akichekwa mara moja, huenda asirudi tena darasani. Na aliyechelewa asimwonee kijicho aliyetangulia, bali amwulize: Wewe ulifanyaje?

Sasa mwalimu azime redio, mjadili maswali haya:

1. Kwa nini wachezaji humpisha yule ambaye muziki wake unapigwa?
2. Fernández alipitwa na Uno kwa pointi ngapi? Toeni hesabu hiyo katika madaftari.
3. Utamsaidiaje mwenzako anayetaka kuacha kusoma?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.