Rutuba ya Ardhi na Kuvu Zilizomo Mashambani



Tunapotaja rutuba ya ardhi, aghalabu fikira zetu huelekea kwenye gunia la mbolea, kana kwamba udongo ni ghala ambalo kila kilichotolewa shuruti kirudishwe kwa kipimo kile kile; nami siibezi hesabu hiyo, walakini nadai kwamba ina upungufu, kwani haimtaji mchukuzi anayekifikisha chakula kwenye mzizi, naye ni kuvu.

Tangu mwaka 1885, mwanazuoni wa Kijerumani Albert Bernhard Frank alipoupa ushirika wa kuvu na mizizi jina la mikoriza, imebainika kuwa sehemu kubwa ya mimea ya nchi kavu, yakiwemo mahindi, mihogo, maharage na migomba, huishi kwa ushirika huo. Mmea hutoa sukari, na kuvu hutandaza nyuzi nyembamba mno kuliko unywele, zikapenya pasipofikika na mzizi. Faida yake kubwa ni katika fosforasi, ambayo haitembei udongoni ila kwa taabu: mzizi ukishanyonya iliyo karibu yake, kadiri ya milimita moja au mbili, hubaki na njaa ilhali mbele kidogo imo. Na katika udongo mwekundu wenye asidi wa magharibi ya Kenya, ambako oksidi za chuma na alumini huing'ang'ania fosforasi, hata ile aliyoinunua mkulima kwa fedha yake, msaada huo si wa kudharauliwa.

Hapa, hata hivyo, yatupasa insafu. Kuvu haziumbi fosforasi, huisafirisha tu. Shamba lililovunwa miaka nenda miaka rudi pasipo kurudishiwa kitu haliponi kwa kuvu peke yake, na hapo samadi, chokaa, au fosfati ya Minjingu iliyoko Manyara, ni lazima. Lakini fosforasi ikizidi, mmea hupunguza sukari kwa mwenzi asiyehitajika tena, na kuvu hupungua mizizini.

Fauka ya hayo, trekta linalopindua udongo kila msimu huzikata nyuzi za kuvu; na ardhi iliyoachwa tupu huziua kwa njaa, kwani mikoriza haiishi bila mzizi hai. Kabichi na sukuma wiki, zipendwazo sokoni, kwa kawaida hazishirikiani nayo, hivyo kuzipanda mfululizo ni sawa na kuiacha ardhi tupu.

Basi naiomba semina hii, kabla ya kuidhinisha ununuzi wa kuvu za mikoriza zinazouzwa kwa pakiti ili ziongezwe udongoni, ambazo baadhi yake hazina uhai wowote ndani, iwaelekeze maafisa ugani wamwulize kila mkulima shamba lake hukaa miezi mingapi kwa mwaka bila mzizi hai, na jawabu lake liandikwe pamoja na vipimo vya maabara.